Kazi ya Kusema Halo

Siku mliyoniaga mlinikatia keki, mkanifunga leso mpya, na mkuu wa hospitali akasimama kutoa hotuba. Alipofika mahali pa kueleza kazi niliyoifanya tangu ujana wangu alikwama kidogo, akanigeukia mbele ya watu na kuniuliza, "Bi Mishi, kwa ufupi, kazi yako ilikuwa ni nini hasa?" Nikamjibu kuwa kazi yangu ilikuwa kusema halo. Mlicheka, naye akacheka, keki ikaliwa. Mimi sikuwa nikifanya mzaha, na ndiyo maana nimekaa kuandika haya. Nawaandikia nyinyi vijana mliobaki pale mapokezi, ingawa najua kile kiti changu cha swichibodi sasa mnawekea mikoba yenu, na simu zinapokewa na mashine inayowaambia wagonjwa wabonyeze moja kwa Kiingereza na mbili kwa Kiswahili. Shangazi yangu alibonyeza mbili. Ananiambia bado anangoja.

Mimi ni mzaliwa wa Voi, katika zile nyumba za nyuma ya msikiti, na wazee wangu walifika hapa kutoka Mombasa kufuata biashara ya nguo. Nyumbani kwetu mtu haanzi maneno kabla salamu hazijaisha, na salamu zenyewe haziishi upesi. Kwa hivyo siku yangu ya kwanza kazini, taa ilipowaka kwenye ubao wa kuunganishia simu na Mzee Kilelu akanionyesha waya wa kuchomeka, nilimsalimu aliyepiga kama nilivyofunzwa na mama. Nikamwuliza hali, nikamwuliza wa nyumbani, nikamwuliza na mvua huko kwao. Alikuwa muuza mboga wa Taveta aliyetaka kuzungumza na jikoni. Aliitikia yote kwa adabu, tukafurahiana sana, kisha akasema, "Samahani dada, nimesahau nilichopigia," akakata.

Mzee Kilelu hakunigombeza. Alikuwa Mdawida wa huko milimani, mwembamba, mwenye tai ileile kila siku, na kabla ya kuja hospitali alikuwa amefanya kazi ya kuunganisha simu za watu huko posta. Ndiye aliyenifundisha kazi hii yote. Alisubiri aibu yangu ipungue, ndipo akasema, "Mwanangu, halo si salamu."

"Ni nini basi, mzee?"

"Ni hodi. Wewe ukibisha hodi kwa mtu, unaanza kuuliza habari za mbuzi ukiwa bado nje? Unangoja kwanza usikie kama kuna mwenyewe."

Alinieleza habari za neno hilo kidogo kidogo, kila taa zilipotulia, na baadaye nilizisoma mwenyewe katika kamusi nene ya Kiingereza ili nione kama alikuwa akinidanganya. Hakuwa akinidanganya. Zamani Waingereza hawakuamkuana kwa neno hilo. Walikuwa na ukelele wa namna hiyo wa kumsimamisha mtu aliye mbali, au kumwita mwenye mashua avuke mto aje awachukue, au kuwachochea mbwa kwenye mawindo. Baadaye likawa pia neno la kushangaa, la mtu aliyekuta kitu asichokitarajia: halo, hiki nini tena? Watu wakiingia chumbani waliamkuana kwa maneno mengine, wakiutaja mchana au asubuhi.

Kisha ikaja simu, na wenyewe hawakujua waifungue kwa neno gani, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumtazama usoni. Aliyepewa sifa ya kuivumbua alitaka waseme neno la mabaharia, lile wanalopigiana kelele meli zikikutana. Mvumbuzi mwingine akasema hapana, halo inatosha, inasikika hata waya ukiwa mbovu. Wasichana waliowekwa kuunganisha simu ndio waliolitumia kutwa kucha, mpaka wakaitwa wasichana wa halo, na mwenye simu yake akabaki na neno lake la mabaharia. Mzee Kilelu alipenda sana mahali hapo. Kila alipopafika alikaza tai yake.

Sisi tuliletewa neno na waya kwa pamoja, na katika Kiswahili chetu neno limebaki pale pale kwenye waya. Nikikutana nawe sokoni Voi nikakwambia halo, utageuka nyuma uone ninazungumza na nani. Lakini nikikupigia simu nisiseme halo, utadhani nimekuja kukutukana. Wajukuu zangu wamevuka hilo, wao wanapokea simu kwa kusema "sema" au "niaje", na mmoja hasemi chochote, anapumua tu. Nimemwambia akinipumulia tena nitaripoti.

Ukikaa miaka mingi na neno moja utalisikia kwa namna ambazo wenzako hawazisikii. Watu wa milimani walisema halo moja, ya chini, wakangoja. Jamaa zetu wa Pwani waliivuta, haloooo, mpaka ukapata nafasi ya kunywa chai humo ndani. Waliopiga kutoka upande wa Taveta walikuwa na haraka, maana mara nyingi laini ilikatika wakiwa ndiyo kwanza wanaanza, kwa hivyo halo na jina la mgonjwa vilitoka pamoja. Wa kutoka makao makuu Nairobi waliisema kama kwamba mimi ndiye niliyewapigia na nimewapotezea wakati. Halafu kulikuwa na wale wasiosema halo kabisa. Hao walikuwa wanapiga kutoka kwenye ajali, pale barabara kuu, na walianzia katikati ya habari: basi limelala, watu wako chini, leteni gari. Kwa hao Mzee Kilelu alikuwa na dawa yake. "Wewe mwambie halo," alinifunza, "pole pole, kwa sauti ya chini. Usimuulize kitu. Atatulia achukue sauti yako, ndipo atakwambia yuko wapi." Nimeitumia dawa hiyo mara nyingi kuliko nilivyotaka. Haikukosa ila kwa mtu mmoja, ambaye nilikuja kujua kuwa alikuwa kiziwi wa sikio alilowekea simu.

Vyombo vya kazi navyo niviseme, maana nyinyi hamkuviona. Ubao ulikuwa mrefu kama kabati la vyombo, na vitundu, na taa ndogo, na nyaya zenye vichwa vya shaba ambavyo tulivisugua kwa kitambaa. Kile kisikilizio cha kuvaa kichwani hakikutengenezwa kwa mwanamke mwenye mtandio, kwa hivyo niliuvaa mtandio juu yake, na wageni wakafikiri ninazungumza peke yangu. Radi ya milimani ilituunguzia ubao zaidi ya mara moja. Nyaya za shaba ziliibwa. Na kulikuwa na ndovu. Msimu wa ukame walikuwa wakitoka mbugani na kujikuna kwenye nguzo za simu mpaka nguzo zikalala, na fundi alipoulizwa na Nairobi kwa nini Voi haipatikani, aliandika "ndovu", na Nairobi wakamrudishia wakitaka sababu ya kweli.

Mzee Kilelu alistaafu akarudi kwake kulima, ubao ukaondolewa, tukaletewa kisanduku kidogo chenye vitufe, kisha watu wote wakawa na simu mifukoni. Nilifikiri nitaachishwa kazi. Kumbe watu walizidi kupiga, maana sasa mtu aliweza kuulizia mgonjwa akiwa shambani, akiwa kanisani, akiwa juu ya pikipiki. Mambo ninayotaka muyajue yalitokea wakati huo wa mwisho mwisho, kabla sijaanza kuhesabiwa likizo ya kustaafu.

Alikuwa mzee mmoja. Waendesha bodaboda wa hapa Voi walimwona ameketi ukingoni mwa stendi tangu asubuhi, wakadhani amelewa, kisha mmoja akaona mdomo wake umekwenda upande. Walimleta kwa pikipiki, amewekwa katikati ya watu wawili, jambo ambalo wauguzi walilishutumu sana na ambalo pengine ndilo lililomwokoa. Alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono wa kulia na mguu vilikuwa vimelala, na maneno yalikuwa yamekwisha. Hakuwa na simu, hakuwa na kitambulisho. Kama aliibiwa pale stendi au alivisahau kwao, hatukujua. Alikuwa na koti safi, na katika mfuko wa koti kitambaa cheupe cha mkononi kilichopigwa pasi na kukunjwa vizuri. Kitambaa hicho kilinisumbua sana. Mwanamume wa umri ule hajipigii pasi kitambaa. Kulikuwa na mtu mahali fulani anamtafuta.

Kwenye kitanda chake waliandika hajulikani, wodini wakamwita Mzee Kimya. Polisi walichukua alama za vidole, ikaonekana vidole vya mkulima havina alama tena, vimelimwa vikaisha. Redio ya hapa ilitangaza. Watu walikuja kumtazama, wengine kutoka mbali, na kila mmoja aliondoka ameinamisha kichwa. Familia moja ya Mwatate ilimwangalia sana, wakateta pembeni, wakarudi wakamwangalia tena, kisha wakasema kwa masikitiko kuwa si wao, ila asipopata wenyewe wafahamishwe.

Baada ya majuma kadhaa utawala ulisema kitanda kinahitajika. Ikaamuliwa kuwa mwisho wa juma lile apelekwe kwenye makao ya wazee wasio na jamaa, huko Mombasa. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Lakini sote tulijua kuwa akishapita Mariakani hakuna atakayemtafuta tena, na aliyempigia pasi kile kitambaa hatajua milele alikwenda wapi.

Aliyelikataa hilo ni Daktari Mumbua, binti mmoja wa Kikamba aliyekuwa amehamishiwa kwetu mwaka uleule. Alitueleza kuwa mtu wa namna hii anaweza kupoteza maneno yote ya kufikiri, lakini yale ya mazoea, aliyoyasema maisha yake yote bila kufikiri, huwa wakati mwingine yamebaki mahali pengine kichwani. Inatakiwa tu kuyagusa. Kwa hivyo tukamgusagusa. Mchungaji alikuja akaanza sala ya Bwana na kumwachia aimalize. Mzee akamtazama tu. Mimi nilimpa salamu ya Kiislamu, kama tahadhari. Akanitazama kwa upole. Muuguzi alimhesabia moja, mbili, tatu. Mzee alionekana kupendezwa na namba, lakini hakuongeza yake.

Siku mbili kabla ya safari ya Mombasa walimpitisha mbele ya swichibodi kwenye kiti cha magurudumu, anapelekwa kupigwa picha. Ile simu ya zamani ya mezani, ambayo niliiweka kwa ajili ya wakubwa wasiopenda vitufe, ikalia. Na Mzee Kimya akainua mkono wake mzima akauleta sikioni.

Nilidhani anajikuna. Daktari Mumbua alikuwa nyuma ya kiti, akasimama hapo hapo.

"Bi Mishi, umeona hiyo mkono?"

"Nimeuona."

"Simu imelia, akainua. Si umpatie tuone?"

Nikamaliza na aliyepiga, nikauchukua mkono wa simu nikamwekea mzee sikioni. Akasikiliza. Kisha akanirudishia, akanitazama kama mtu aliyeuziwa maziwa ya maji. Laini ilikuwa imekufa, na yeye alijua. Nikamwambia daktari angoje. Nikaenda kwenye simu ya chumba cha dawa, upande wa pili wa ukuta, ambapo naweza kumsikia lakini yeye hanioni, nikapiga namba yangu mwenyewe. Ikalia. Nikasikia imeinuliwa.

"Halo," nikasema, pole pole.

Sauti ya mwanamume ambaye hajaugua hata siku moja ikaniambia:

"Halo. Njukini hapa. Unamtaka nani?"

Nimesikia halo nyingi maishani mwangu. Ile ilinitoa machozi papo hapo, kati ya makopo ya dawa za minyoo, na mfamasia akaniuliza kama nimefiwa.

"Nazungumza na nani, mzee?" nikamwuliza.

"Njukini hapa. Unamtaka nani?"

"Jina lako nani, baba?"

"Unamtaka nani?"

Hakuwa na zaidi ya hayo. Nikajaribu upande mwingine. "Namtaka mke wako," nikasema.

"Usikate. Ninamwita."

Nikakimbia kurudi. Alikuwa ameuweka mkono wa simu juu ya meza, ubavu, mbali na kitako chake ili laini isikatike. Ndivyo anavyouweka mtu aliyeifanya kazi hiyo. Kisha akageuza uso akatazama mlangoni. Daktari Mumbua naye akatazama mlangoni. Mlinzi wa mlangoni, alipoona anatazamwa, akavua kofia.

Nyinyi mliozaliwa na simu mikononi huenda hamjui utaratibu uliokuwapo. Zamani kijiji kizima kilikuwa na simu moja, dukani au kwenye ghala la wakulima, na mtu mmoja wa kuipokea. Akipokea hasemi jina lake, maana nani ana haja naye? Anataja mahali. Kisha anauliza unamtaka nani, anaiweka simu ubavu, anatoka nje kumwita mtu huyo, au anamtuma anayepita amwambie. Mpigaji anangoja. Ukisikia miguu inakuja mbio, ujue amepatikana. Nilikuwa nimezungumza na watu wa namna hiyo ujana wangu wote, wa Mraru, wa Mwatate, wa Bura, na sikujua sura ya hata mmoja.

Basi nikarudi kwenye kiti changu nikafanya kazi yangu. Nilimpigia mwenzangu wa mapokezi kule Taveta, naye akanipa namba ya msaidizi wa chifu wa Njukini.

"Halo, nani mwenzangu?" akapokea.

Nikajieleza. Nikamwambia tuna mzee asiyesema ila akishika simu tu. Akajibu kuwa wazee wasiosema anao wengi, wakiitwa kwenye baraza hawasemi, wakiulizwa mipaka ya mashamba hawasemi.

"Huyu wangu," nikamwambia, "zamani alikuwa akipokea simu ya hapo Njukini. Ile moja iliyokuwa ya watu wote."

Akaacha mzaha. "Ya pale ghalani? Mama, huyo ni Lenjo! Baba Saru! Huyo ametafutwa mpaka imefika kuchimbwa kaburi… ngoja, ako hai?"

"Yuko hai. Anatazama mlango."

Mkewe, Mama Saru, alifika kesho yake mchana na gari la jirani yao lililokuwa limebeba ndizi. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye kilemba cha kanisani, na alituambia yote akiwa bado amesimama. Mumewe aliaga anakwenda soko la Taveta. Jioni hakurudi, simu yake ikawa haipatikani. Walimtafuta Taveta, wakavuka mpaka wa nchi wakamtafuta Holili, wakaenda mpaka Moshi kwenye mahospitali. "Voi hatukufikiria," alisema. "Alikuwa anakuja Voi kufanya nini? Hatuna mtu Voi." Mpaka leo hakuna ajuaye.

Akaingia wodini. Alimshika mumewe kichwa kwa mikono miwili, akamwachia, akaanza kumpa habari zote kwa Kidawida, na kutokana na ishara za mikono yake nadhani zilifika mpaka kwa ng'ombe. Mzee alimtazama muda wote. Machozi yalimtoka upande mmoja. Lakini hakusema kitu, wala hakutoa hata sauti.

Hatimaye Mama Saru akanigeukia. "Mbona mliambia chifu anaongea?"

Tukamweleza. Akataka asikie mwenyewe. Daktari Mumbua akamwambia taratibu kuwa ni maneno ya mazoea tu, asije akatarajia makubwa, naye akaitikia kama watu wanavyoitikia wakati hawajasikia. Tukampeleka mzee kwenye meza yangu, nikamweka Mama Saru kwenye simu ya chumba cha dawa, nikapiga.

"Halo," akasema.

"Halo. Njukini hapa. Unamtaka nani?"

"Ni mimi."

"Njukini hapa. Unamtaka nani?"

"Ni mimi, Baba Saru! Mama Saru!"

"Unamtaka nani?"

Aliuweka mkono wa simu chini mwenyewe. Alikaa juu ya boksi la glavu, akafunga kilemba chake upya ingawa hakikuwa kimefunguka. "Hanijui," akasema. "Amesema na mimi kama mtu amepiga kutoka Mombasa."

Mimi niliyezoea kuwa na neno la kwanza sikuwa na la pili. Nilimshika mkono tu, tukakaa hivyo mpaka mfamasia akaja kutaka glavu. Mama Saru alimchukua mumewe kesho yake, na dawa zake, na barua ya kliniki, kwa gari lilelile lililokuwa sasa tupu. Daktari Mumbua alifurahi kwa sababu mtu amekwenda kwao badala ya kupelekwa Mombasa, na alikuwa na haki ya kufurahi. Mimi nilifurahi nusu. Nilikuwa nimemrudishia mke mume asiyemjua, na kila simu ya mezani ilipolia nilimkumbuka yule mama juu ya boksi.

Mwezi uliopita, kwa kuwa sasa sina kazi na saa ya ukutani inanitazama, niliamua kwenda Njukini kuwaona. Nilimpigia Mama Saru kwanza, akanielekeza. Nyumba yao iko karibu na mfereji wa maji, migomba mbele, mahindi nyuma. Alinipokea kwa furaha mpaka nikaona haya. Mzee Lenjo alikuwa kibarazani, amenenepa, koti lilelile, na kitambaa cheupe kimechungulia mfukoni. Aliinua mkono mzima kunisalimu. Hakusema kitu. Niliketi naye nikampa habari za hospitali, za mashine ya kubonyeza mbili, na alisikiliza kwa makini kuliko mkuu wa hospitali alivyopata kunisikiliza.

Tulikula wali na maharage. Vyombo vilipoondolewa Mama Saru alifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na simu mbili za zamani, zile ndogo zenye taa ya kumulika.

"Usicheke, mgeni," aliniambia. "Ni saa yetu. Hii haina betri, na hii ilikufa kwa maji. Nilianza na simu mzuri, ikamaliza pesa bure, kumbe yeye hata hajali, bora imelia." Akalia mwenyewe kwa mdomo, "Krii, krii," akampa mumewe moja. Kisha akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akaweka ile nyingine sikioni.

"Halo," akasema.

Mzee akakaa sawasawa. "Halo. Njukini hapa. Unamtaka nani?"

"Namtaka Baba Saru. Mzee Lenjo."

"Usikate. Ninamwita."

Akailaza simu juu ya goti, ubavu. Akageuza uso kuelekea shambani, akatazama katikati ya migomba, kwa muda mrefu, akiinua kidevu mara moja moja kuona mbali zaidi. Mama Saru alingoja na simu yake sikioni, anamtazama. Na mimi, Mungu anajua, nilijikuta natazama migomba.

Nilipoona muda umekwenda nilimwinamia Mama Saru, nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Huwa anakuja?"

Aliifunika ile simu mbovu kwa kiganja ili upande wa pili usisikie.

"Bado," akasema. "Lakini kila siku anaenda kumwita. Sasa mimi nitakata namna gani?"